Kuhesabu Vifo na Majaribio ya Kujiua Katika Kaunti Ndogo, na Kupanga Kinga kwa Hesabu Hizo: Mwongozo Kamili kwa Mombasa

Kila inapokaribia tarehe 10 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kuzuia Kujiua, vikundi vya vijana, ofisi za wadi na kamati za misikiti na makanisa mjini Mombasa huanza kutafuta takwimu. Wengi hukusanya habari za magazeti, au hunakili idadi ya dunia nzima na kuichapisha kwenye bango, kisha hufanya matembezi na semina. Mwaka unaofuata huanza upya bila kujua kama kuna lililobadilika. Ari haikosekani, kinachokosekana ni hesabu iliyofanywa kwa namna ya kumwonyesha mtu la kufanya kesho asubuhi.

Mwongozo huu unamhusu anayetaka kuifanya kazi hiyo katika kaunti ndogo moja: afisa wa afya, karani wa rekodi hospitalini, kiongozi wa kikundi cha jamii, au mwalimu aliyepewa jukumu hilo. Nitasisitiza jambo moja toka mwanzo hadi mwisho: idadi yenye manufaa makubwa zaidi kwenu ni ya watu waliojaribu kujiua wakanusurika na kufika hospitalini, kwa sababu hao wangali hai na wanaweza kufuatwa.

Ikiwa wewe unayesoma umelemewa na mawazo ya kujiua, iache kazi hii kwanza na uzungumze na mtu. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo, na watoto wana nambari 116. Ukiwa katika hatari ya sasa hivi, nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, na usiende peke yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua ya kibali kutoka idara ya afya ya kaunti. Kama matokeo yatachapishwa kama utafiti, mtahitaji pia idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa inayotoa vibali vya utafiti.
- Mtu mmoja wa rekodi katika kila hospitali mtakayoitumia, ambaye ataifanya kazi hii ndani ya hospitali bila kutoa majina nje.
- Idadi ya wakazi kwa jinsia na umri, kutoka Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS).
- Daftari lenye kufuli, au kompyuta yenye nenosiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti.
- Mhudumu wa afya ya akili aliyekubali kupokea watu mtakaowaelekeza kwake. Msianze kabla ya kumpata. Kumtambua mtu mwenye dhiki na kukosa pa kumpeleka ni kumwongezea mzigo.
- Mtu wa kuwasikiliza wakusanyaji wenyewe mara kwa mara, kwa maana kazi hii huumiza anayeifanya.

## Hatua ya 1: Andikeni uamuzi kabla ya kuandika idadi

Epidemiolojia ni elimu ya kuchunguza nani anapatwa na nini, wapi, lini na kwa nini, katika jamii nzima. Faida yake katika kuzuia kujiua huonekana pale tu kila idadi inapofungamana na uamuzi. Kaeni chini na mwandike sentensi tatu au nne za namna hii: "Tukijua majaribio mengi yanafika hospitalini usiku, tutaomba mshauri wa zamu ya usiku." "Tukijua vijana wa umri wa kwenda shule ndio wengi, tutaanza na shule."

Idadi isiyokuwa na uamuzi nyuma yake isikusanywe. Mtajua hatua hii imekamilika pale kila safu ya daftari lenu itakapokuwa na mtu aliyeahidi kuitumia.

## Hatua ya 2: Kubalianeni juu ya maana

Hapa ndipo kazi nyingi huvunjika, na huvunjika kimya kimya. Mmoja huhesabu vifo tu, mwingine huongeza majaribio, wa tatu huweka hata aliyesema "nimechoka na maisha", kisha jumla zao huwekwa katika jedwali moja. Tengeni makundi matatu, na msiyachanganye kamwe.

La kwanza ni kifo cha kujiua, yaani mtu aliyefariki kwa kitendo alichojifanyia kwa makusudi. La pili ni kujidhuru kwa makusudi bila kufariki, liwe na nia kamili ya kufa au nia ya mashaka, kwa kuwa mtu huyo mara nyingi hawezi kuieleza nia yake usiku ule wa tukio. La tatu ni tukio ambalo haikujulikana kama lilikuwa ajali au makusudi.

Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la ICD-10, kujidhuru kwa makusudi kumepewa alama X60 hadi X84, na matukio ya nia isiyojulikana Y10 hadi Y34. Karani wa rekodi anazijua alama hizi, mwombeni azitumie.

Kundi la tatu msilitupe. Katika jamii ambamo kujiua huiletea familia aibu, vifo vingi hujificha humo au katika "ajali". Kundi hilo likipungua mwaka huu huku la kwanza likiongezeka, huenda hakuna lililobadilika mitaani isipokuwa ujasiri wa waandishi.

Lugha ya daftari nayo ina uzito. Andikeni "amefariki kwa kujiua" na "amejaribu kujiua". Msiandike kwamba mtu "ametenda kosa". Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia zilikuwa na sababu ya kuwaambia wauguzi kwamba mgonjwa alikunywa kitu kwa bahati mbaya. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Waelezeni wauguzi na familia uamuzi huo waziwazi, maana hofu ya kituo cha polisi haiondoki siku moja na hukumu.

## Hatua ya 3: Kusanyeni kutoka vyanzo vinne

Chanzo kimoja hakitoshi, na kila kimoja kina upofu wake.

Hospitali. Anzieni kitengo cha dharura, si wodi ya akili. Wengi waliojidhuru hutibiwa mwili na kuruhusiwa bila kuonana na mtu wa afya ya akili, kwa hiyo anayehesabu wodini peke yake huona sehemu ndogo. Hospitali Kuu ya Pwani na ya Port Reitz zipewe umuhimu wa kwanza, kisha vituo vya kaunti ndogo na hospitali za binafsi.

Polisi. Daftari la OB, yaani daftari la matukio la kituo cha polisi, huandika matukio ambayo hayakufika hospitalini. Kumbukeni kwamba huandikwa saa za mwanzo, kabla ya uchunguzi kukamilika.

Hifadhi ya maiti. Ripoti ya daktari aliyepasua maiti ndiyo yenye nguvu zaidi juu ya sababu ya kifo, lakini huwa ni kwa vifo vichache.

Naibu wa chifu. Kifo cha hospitalini huandikishwa kwa fomu ya D1, na cha nyumbani kwa fomu ya D2 kupitia naibu wa chifu. Katika mitaa yetu ya Waislamu maiti huoshwa, huswaliwa na kuzikwa siku hiyo hiyo au inayofuata, na sababu ya kifo inayoandikwa ni ile iliyotamkwa na jamaa. Kwa hiyo fomu ya D2 inayosema "ghafla" kwa kijana mwenye afya inastahili kutazamwa tena, kwa upole.

Upole huo una utaratibu. Msiende matangani na karatasi, wala msisababishe maziko kucheleweshwa kwa ajili ya takwimu. Subirini wiki kadhaa, mpitieni mhudumu wa afya ya jamii au imamu au mchungaji anayeheshimika na familia, ombeni ruhusa, na mkikataliwa muondoke kwa shukrani. Mkubwa wa familia akisema marehemu alikuwa akisumbuliwa na majini, msibishane naye. Andikeni alichokiona: hakulala kwa muda gani, aliacha kula lini, alisema nini, alikwenda kwa nani kutafuta msaada. Maelezo hayo ya mwisho yana thamani kubwa, kwani yatawaonyesha ni mlango gani watu wa mtaa huo huubisha kwanza, na mara nyingi mlango huo si wa hospitali.

Kisha ondoeni marudio. Mtu mmoja anaweza kuonekana kwenye OB, hospitalini na katika hifadhi ya maiti. Linganisheni tarehe, jinsia, umri na wadi.

Kosa kubwa kuliko yote ninaloliona Mombasa ni la makazi. Hospitali Kuu ya Pwani hupokea wagonjwa kutoka Kilifi, Kwale, Taita Taveta na kwingineko. Ukiwahesabu wote hao kisha ukagawanya kwa wakazi wa kaunti ndogo ya Mvita, utaifanya Mvita ionekane imeingiwa na janga. Mhesabuni mtu mahali anapoishi, hata kama tukio lilitokea kwingine, na asiyekuwa mkazi wa kaunti yenu mwekeni pembeni.

Hatua hii ikifaulu, mtaweza kusema kila tukio limeonekana katika vyanzo vingapi. Mkikuta karibu matukio yote yapo katika chanzo kimoja tu, bado kuna mengi msiyoyaona.

## Hatua ya 4: Daftari fupi

Safu zinazohitajika ni chache: nambari ya siri badala ya jina, tarehe na saa, umri, jinsia, wadi anayoishi, kundi la tukio, alama ya ICD, kama aliwahi kujaribu kabla, pombe au dawa za kulevya, na alielekezwa wapi baada ya matibabu. Jina hubaki hospitalini.

Namna ya kujidhuru iandikwe kwa alama tu. Maelezo marefu hayaongezi elimu, na karatasi hupotea.

## Hatua ya 5: Badilisheni idadi kuwa kiwango

Idadi peke yake hudanganya, kwa sababu kaunti ndogo hazilingani. Katika sensa ya mwaka 2019 Kisauni ilikuwa na watu 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, Mvita 154,171 na Changamwe 131,882. Gawanyeni vifo kwa wakazi, kisha zidisheni kwa 100,000. Kwa miaka ya baadaye tumieni makadirio mapya ya KNBS.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba Likoni imeandika vifo 10 kwa mwaka mmoja. Kiwango ni kama 4.0 kwa kila watu 100,000. Lakini vifo 10 ni vichache mno, na bahati peke yake inaweza kuvipandisha au kuvishusha. Mipaka ya kuaminika ya kiwango hicho, yaani mipaka ambayo huenda kiwango halisi kimo ndani yake, ni kutoka 1.9 hadi 7.3. Mwaka unaofuata wakifariki 14, haifai kutangaza kwamba kujiua kumeongezeka. Unganisheni miaka mitatu: vifo 30 kwa jumla ya wakazi 751,074 vinatoa kiwango kile kile cha 4.0, ila sasa mipaka imekaribiana, kutoka 2.7 hadi 5.7. Mtu wa takwimu wa kaunti atawafanyia hesabu ya mipaka kwa muda mfupi.

Kwa wadi moja hali ni ngumu zaidi. Msichapishe idadi iliyo chini ya 5 kwa wadi, kwani mtaa mzima utajua ni nani, na mama yake atasikia akitajwa sokoni.

Tenganisheni pia jinsia na umri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwa mwaka 2019 kiwango cha vifo duniani cha 12.6 kwa kila wanaume 100,000 na 5.4 kwa kila wanawake 100,000, na katika nchi nyingi wanawake ndio wengi zaidi katika majaribio. Anayetazama vifo tu hupanga kinga ya wanaume na kuwasahau wanawake. Anayetazama majaribio tu hufanya kinyume chake.

## Hatua ya 6: Someni mwenendo, na msitengeneze orodha ya "watu wa hatari"

Mara tu jedwali linapokamilika, mtu kikaoni hupendekeza: tuwapime wote kwa fomu ya maswali, tuwajue watakaojiua, tuwalinde. Pendekezo hilo lina huruma ndani yake, lakini hesabu inalikataa.

Chukulieni watu 100,000 ambao 10 kati yao watafariki kwa kujiua mwaka huo. Tuwape kipimo kizuri, kinachowatambua 8 katika kila 10 watakaofariki na kuwaondolea shaka 8 katika kila 10 wasiofariki. Kipimo kitawatambua 8. Pamoja nao kitawanyooshea kidole wengine 19,998 ambao hawangefariki, na wawili waliofariki kitakuwa kimewaambia wako salama. Kwa sababu hiyo mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2022 unawakataza wahudumu kutumia vipimo vya hatari kutabiri nani atajiua au kuamua nani apewe huduma.

Kila aliyejidhuru apewe huduma bila kupimwa kama anaistahili. Na kwa wale wengine wote, badilisheni mazingira yao.

Takwimu zisomwe kwa maswali ya mahali na wakati: majaribio yanakuja saa ngapi, siku gani za mwezi, wadi zipi, umri upi? Kuna kipindi yanapopanda, kama wakati wa matokeo ya mitihani au ajira za msimu zinapokatika? Yakipanda ghafla katika shule au mtaa mmoja ndani ya wiki chache, msingoje ripoti ya mwaka; pelekeni washauri mara moja kwa marafiki na jamaa wa waliopatwa.

Kuuliza moja kwa moja, "Je, umefikiria kujiua?", hakumwingizii mtu wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyewauliza.

## Hatua ya 7: Wafuateni walionusurika

Kama mna nguvu za kufanya hatua moja tu katika mwongozo huu, ifanyeni hii. Jaribio la awali ndiyo dalili kubwa zaidi ya hatari katika jamii kwa jumla, na mtu huyo amekwishafika mlangoni kwenu.

Ushahidi upo, na unatoka nchi zenye hospitali zilizojaa kama zetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuata watu 1,867 waliojaribu kujiua katika Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walipewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kuondoka hospitalini, kisha waliwasiliana na mhudumu mara tisa kwa simu au kwa kutembelewa. Baada ya miezi 18, waliofariki kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2 katika kundi la kwanza na asilimia 0.2 katika la pili.

Ratiba yake inaigika. Mawasiliano yalifanyika wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 7 na ya 11, kisha mwezi wa 4, wa 6, wa 12 na wa 18. Kila mara mhudumu humuuliza mtu hali yake na kama anahitaji msaada, na akihitaji humwelekeza.

Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, mkubalianeni mambo manne: ni nambari gani ya simu iliyo salama kupigwa, maana simu nyingine hushikwa na mume au kaka, ni nani nyumbani anayeruhusiwa kujua, dalili zipi humjia kabla ya dhiki kuzidi, na vitu hatari vya nyumbani vitaondolewa au kufungiwa na nani. Aliye na uraibu wa dawa za kulevya aunganishwe na kliniki anayohudhuria tayari, kama ile ya Kisauni inayotoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ili asitakiwe kuzoea uso mwingine mpya.

Msimpe mhudumu wa afya ya jamii kazi hii bila ruhusa ya mgonjwa. Anaishi mtaani, na mgonjwa analijua hilo.

Kipimo cha mafanikio ni kimoja: katika kila watu 10 walioruhusiwa, wangapi wamepigiwa simu katika wiki ya kwanza? Wakiwa chini ya saba, tatueni hilo kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 8: Kinga kwa wote

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa LIVE LIFE wa mwaka 2021, linataja kazi nne: kupunguza upatikanaji wa vitu vinavyotumika kujidhuru, kushirikiana na vyombo vya habari, kuwafunza vijana stadi za maisha, na kuwatambua na kuwafuatilia waathiriwa mapema. Ya nne tumeimaliza.

Ya kwanza ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, na ndiyo inayodharauliwa, kwa dhana kwamba aliyekusudia atapata njia nyingine. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi vya mashambani kwa awamu. Kati ya mwaka 1995 na 2015 kujiua kulipungua kwa asilimia 70, na inakadiriwa maisha 93,000 yaliokolewa. Hali ya kutaka kufa kwa wengi huwa ni ya saa chache, na kizuizi kidogo katika saa hizo huwavusha. Alama zenu za ICD zitaonyesha ni vitu gani vinajirudia. Pelekeni matokeo kwa siri kwa wakaguzi wa afya ya umma na wenye maduka. Vivyo hivyo kwa mahali panaporudiwa: mjulisheni mwenye mamlaka ya kuweka uzio na walinzi, na msipataje hadharani.

Kuhusu shule, programu ya vijana iliyojaribiwa kwa wanafunzi wa nchi za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2015 ilipunguza majaribio mapya kwa karibu nusu katika mwaka mmoja. Iliwafunza vijana wote darasani kuizungumzia afya ya akili na kuigiza matatizo yao, haikuwatenga wachache.

Na vituo vya redio, kama Pwani FM na Baraka FM, vipewe takwimu pamoja na masharti: wasitaje namna wala mahali, wasiseme sababu ilikuwa moja, watangaze nambari ya msaada, na watafute mtu aliyepita katika dhiki hiyo akaendelea kuishi.

## Hatua ya 9: Pimeni tena

Kila miezi mitatu tazameni viashiria vitatu: waliofuatiliwa katika wiki ya kwanza, waliorudi hospitalini kwa jaribio jingine, na matukio yaliyobaki katika kundi la nia isiyojulikana. Vifo vipimwe kwa miaka mitatu mitatu, kama ilivyoelezwa.

Jiandaeni kwa jambo moja litakalowashtua wakuu wenu. Daftari likifanya kazi vizuri, idadi ya majaribio ya mwaka wa kwanza itaonekana imepanda sana, kwa kuwa wauguzi wameanza kuandika na familia zimeanza kusema. Iandikeni sababu hiyo katika ukurasa wa kwanza wa ripoti, kabla ya jedwali lolote, na mwekeni kando yake idadi ya vituo vilivyokuwa vikiripoti mwanzoni na vinavyoripoti sasa, ili afisa wa fedha wa kaunti asije akaikata bajeti ya mshauri wa zamu ya usiku kwa kudhani kazi yake haikusaidia.